Polo Mia

Bi Raya hakutaja klachi. Alisema:
"Gari yangu ina kelele nyingi, mwendo haba."
Maneno hayo yatosha kuandikwa
juu ya mlango wa karakana.

Kirikuu nyeupe, ubavu umeliwa na chumvi,
miaka sita ikipakia polo Vitongoji, ikishusha Chake.
Nikaomba ufunguo. Nikanusa kwanza;
fundi asiyenusa ni muuza spea tu.
Harufu ilikuwapo: si petroli, si mpira,
ni makumbi mabichi yaliyotiwa motoni.

Nikavuta breki ya mkono, nikatia gia ya tatu,
nikaachia pedeli taratibu, nikaongeza moto.
Alinifunza haya marehemu Kombo Shaame,
mwenye vidole saba,
asiyetaka kueleza vitatu vilikwenda wapi:
"Ikizimika, nzima.
Ikinguruma, imekwisha."
Ujanani niliona fumbo limepinduliwa.
Vipi kuzimika kuwe ndio uzima?
Sasa najua: vilivyoshikana barabara
hukubali kufa pamoja.

Ya Bi Raya haikuzimika.
Ilinguruma palepale, gurudumu halisogei,
kama bwana anayeahidi kwa simu kutoka Maskati.
Hilo sikulisema.
Mumewe yuko huko mwaka wa nne.

"Nani huendesha?"
"Mwanangu, Hija."
Nikamkalisha Hija kwenye kiti, nikamtazama mguu wa kushoto.
Haukanyagi, hauondoki,
umejilaza juu ya pedeli
kama mgeni aliyepewa jembe asiende shamba.
"Kanyaga au toka," nikamwambia.
"Hapo katikati ndipo panapoungua."

Kisha nikachana karatasi ya mfuko wa saruji, nikaandika.
Diski na presha pleti, mpya, kutoka Unguja: laki mbili na sitini.
Beringi, arubaini na tano
(watu huisamehe beringi, mwezi wa pili wanarudi wanalia).
Sili ya oili, kumi na tano,
maana naona unyevu, sijui wa nani.
Nauli ya boksi melini, kumi.
Mkono wangu, sabini.
Laki nne.

"Na iliyotumika?"
"Laki na nusu. Na dua."

Hakushtuka. Midomo ilicheza kidogo, ikatulia.
"Polo moja hunibakishia elfu nne," akasema.
"Basi klachi ni polo mia."

Mimi sijawahi kuihesabu klachi hivyo.
Nikaviona visigino vyake, vimepasuka na kuingia weupe,
nikaona bwawa linalokauka kwa siku zake lenyewe,
halimjui fundi wala meli.
Nikaikata sabini, nikaandika hamsini.

"Rejesha sabini yako," akasema.
"Sitaki nati zilegee kwa huruma."

Nikairejesha. Nikamwambia na la flaiwili:
kwamba sijaifungua, kwamba huenda imechomeka,
kwamba makadirio ni maneno ya mtu
aliyesimama nje ya mlango uliofungwa.
Akasema hilo analijua,
hata chumvi hukadiriwa ikiwa bado maji.

Angerudi akivuna bwawa la pili.
Lakini mlima wa kwenda Wawi uliikataa gari;
mara mbili Hija aliupanda, mara mbili akarudishwa,
ya pili nusura avunje pipa langu la oili chafu.
Bi Raya akamshusha. Akashika usukani mwenyewe,
akaigeuza gari, akatia rivasi, gia yenye subira kuliko zote,
akaupanda mlima kinyumenyume,
shingo ameipinda kutazama njia,
taa zote mbili zimenikodolea mimi,
zinapungua, zinapungua, hadi kona ya msikiti.

Sikujua nipunge mkono au nisimame tu.
Karatasi ilibaki kwangu. Nikaigeuza.
Nyuma ya laki nne, kwa herufi kubwa za kiwandani:
HIFADHI MAHALI PAKAVU.